Chale

Funga mlango, Harm, baridi inawaingilia.
Vua glavu. Usigonge kioo.
Unataka samaki chale wawili, umesema, na ua lao.
Basi inamia tangi hili la kushoto
uniambie wamezaliwa wapi.

Hujui. Sawa. Soma chale zenyewe, hiyo mistari myeupe.
Wa huyu umekatika mgongoni,
haukufika tumboni, kama fundi aliyeishiwa rangi.
Yule ana pua butu, na kifuniko cha shavu kimepungua,
wekundu wa ndani unachungulia.
Hao ni wa ndoo na pampu,
walioanguliwa juu ya kigae, gereji ya mtu, Groningen.
Samaki mkunje angali mbichi:
hawa walikunjwa wakiwa mayai.

Lakini usinunue kwa mstari peke yake.
Wapo wa kufugwa walionyooka kama rula,
na bahari nayo ina vilema wake.
Tia kidole majini. Ona:
wamepanda juu, vinywa wazi, wananidai.
Mwanadamu kwao ni mvua ya chakula.

Sasa tangi la kulia. Yule nyuma ya jiwe.
Mistari imepigwa uzi, ikatiwa wino mweusi pembeni.
Tumbo limebonyea. Ute unamtoka ubavuni.
Alishuka Schiphol Jumanne iliyopita, ndani ya mfuko,
mahali pa wengine niliowaagiza.
Huyo sikuuzii.
Leo siku ya sita hajagusa tonge.
Usiku namzimia taa mapema, namwachia uduvi hai,
naye ananitazama
kama mtu anayeulizwa hati zake.

Ua, sasa. Usichague kwa rangi.
Hilo zulia la kijani, zuri, ndiyo:
limenilia samaki watatu.
Lile la zambarau linataka jua la ikweta
nawe una dirisha la Drenthe.
Chukua hili la vidole vilivyovimba ncha.
Kahawia tu, halisifiwi na mtu.
Mdomo umefumba. Mguu mzima, haukuchanika.
Ukiligusa linanata.
Lilijigawa lenyewe humu dukani;
mama yake yuko kwenye kona ile,
na nyanya yake ni huyohuyo.

Tangi lako lina umri gani? Miezi miwili?
Basi ua libaki hapa. Rudi mwezi wa nane.

Na jambo moja, usije ukanipigia simu usiku:
siku watakayokutana, huenda wasijuane.
Watalala kwenye kona ya pampu, watalipenda bomba,
na ua litafumbua mikono majuma kwa majuma, bure.
Hawajawahi kuliona.
Nani angewaambia?

Mimi nilizaliwa kambini, si mbali na hapa,
katika banda la mbao, wazazi wametoka melini
na sanduku ambalo baba hakulifungua lote
kwa kuwa tulikuwa tunarudi.
Nilifika Saparua nina miaka hamsini na mmoja.
Shangazi zangu wakanisukuma: ingia, Yakomina, ni yako.
Nikasimama maji ya goti,
mkono unapapasa nyuma yangu,
unatafuta kile chuma cha kushikia
cha bwawa la kuogelea la Assen.

Karibu na unyayo wangu walikuwapo wawili.
Mistari imenyooka, kamili.
Wakanitazama mara moja,
wakaingia uani mwao,
wakafunga.

Hawa wako ni yuro arobaini na nane.
Unga kidogo, mara mbili kwa siku.
Ukiwakuta kwenye bomba usicheke,
wala usiwahamishe kwa wavu.
Mfuko uweke ndani ya koti, Harm, karibu na mwili,
mpaka uvuke daraja.